Mtarakwa Uliohamishwa Kikazi

Wananchi wote wa Tarakwaini walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Land Rover ya baraza la mji, kwamba mti wa mtarakwa ulioonekana ukipita barabarani umelazwa juu ya trela haukuwa umekatwa. Mtarakwa ulikuwa umehamishwa kikazi. Ulikuwa unatoka mashambani kwenda makao makuu, kama mtumishi mwingine yeyote wa serikali, na mtu atakayesikika akisema umekatwa atahesabiwa kuwa mpinga maendeleo.

Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya hiyo Land Rover, kwa sababu nilikuwa mwanakamati. Naomba hilo lijulikane mapema. Kuna watu wanasimulia habari za kamati hii na hawakuwahi hata kuonja chai yake.

Tarakwaini maana yake ni mahali pa mitarakwa, na ndiyo sababu hapana mitarakwa. Zamani ilikuwa mingi. Ile ambayo wazungu hawakuimaliza kwa kutengeneza penseli, baraza letu liliimaliza baada ya uhuru kwa kusudi la kuihifadhi. Ukitaka kuiona bado unaweza. Imesimama wima kuzunguka shamba la Mwenyekiti wa baraza, Bwana Peterson Gicheru, kila mmoja umeshika waya. Mtarakwa hauozi. Mwenyekiti husema hakuna mahali katika nchi hii palipohifadhi mitarakwa vizuri kama kwa ua lake.

Mzima ulibaki mmoja, na ulikuwa kwangu. Mama mkwe wangu aliupanda alipoletwa katika boma lile akiwa bibi arusi. Wakati wa kugawa mashamba, wazee walichinja kondoo dume, wakatembea wakimwaga mavi ya tumbo lake kutoka jiwe la mtoni mpaka chini ya mtarakwa ule ulio kando ya barabara, wakasema: huku ni kwa Wangechi, yaani mimi, na ng'ambo ni kwa Gicheru. Mpaka ni mtarakwa. Mzee Theuri ndiye aliyelibeba lile tumbo, na hata leo ukimuuliza atakunyoshea mikono uinuse.

Ukiufuata ule upande wa ng'ambo kando ya barabara ya Nanyuki, ulikuwa unaanza na shamba la Mwenyekiti, halafu baa ya Mwenyekiti iitwayo Peak Bar, halafu ofisi ya baraza ambayo Mwenyekiti aliiendesha kama vile hizo mbili za kwanza. Sisi wengine tulikuwa majirani zake.

Mwaka ule maziwa ya shule yalipoanza, Waziri mmoja alipita akienda Nanyuki kufungua josho la ng'ombe, akasimama ofisini kwetu kwa sababu alihitaji choo. Alipotoka chooni alisimama barazani. Ilikuwa asubuhi safi, Mlima umejifunua wote, theluji mpaka shingoni. Waziri aliutazama Mlima kwa muda, akasema, "Hapa mbele hakuna kitu ya kuangalia."

Akaeleza kwamba huko ng'ambo alikotembea, kila ofisi ya maana ina mti mkubwa wa kienyeji uliosimama peke yake, mtu anauona akiwa mbali na anajua hapo pana serikali. Akasema sikukuu ya Madaraka atarudi anywe chai chini ya kivuli chake. Kisha akaingia kwenye gari. Hakuuliza kama mti upo.

Hapo ndipo ilipoundwa Kamati ya Mti wa Mandhari. Mwenyekiti wake alikuwa Mwenyekiti. Katibu alikuwa Moffat, karani wa mji, kijana mwenye makoti mawili na wasiwasi mwingi. Wajumbe walikuwa madiwani. Mimi niliwekwa kuwakilisha akina mama, wazee, vijana na kanisa, kwa sababu kiti kilichobaki kilikuwa kimoja, na kilikuwa na mguu mbovu.

Mkutano wa kwanza ulizungumzia Mlima. Kamati iliona kwamba Mlima, kwa ukubwa wake na kwa kukaa pale pale kila siku, ulikuwa unavuruga mandhari. Diwani mmoja alitaka uonywe. Lakini Moffat alikumbusha kwamba Mlima uko nje ya eneo la baraza, kwa hivyo haukuchukuliwa hatua yoyote.

Mkutano wa pili nilienda na mche. Nilikuwa nimeuotesha kwa kopo la mafuta ya Kimbo, kutoka mbegu za ule mkubwa wangu. Nikauweka mezani.

"Cucu, hii ni nini?" Mwenyekiti aliuliza. Wote wananiita Cucu, yaani bibi, hata wale tuliopata meno pamoja.

"Ni mtarakwa."

"Hii? Hii si ni kama kitunguu?"

"Ni mtoto. Unaupanda mahali pa jua, peke yake, unauwekea ua mbuzi wasiufikie. Halafu unangoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mama mkwe aliupanda wa kwangu akiwa bibi arusi. Alikaa kwa kivuli chake akiwa hana meno."

Madiwani walicheka mpaka chai ikamwagika. Moffat alikohoa. "Cucu, Waziri anakuja Madaraka."

"Madaraka gani?"

"Hii inakuja."

Kamati ilijadiliana kwa kina na kuamua kwamba mche hauna uzoefu wa kazi. Moffat alinieleza kwa upole kwamba nafasi iliyotangazwa ni ya mti mkubwa, na ombi la mche halikutimiza masharti. Ukitimiza masharti siku za mbele, utakaribishwa kuomba tena. Nikachukua kopo langu nikaliweka chini ya kiti.

Hapo Mwenyekiti akafuta mdomo. "Mti mkubwa tuko nao. Uko kwa Cucu."

Wote waligeuka wakaniangalia kama mtu aliyeficha sukari.

"Huo ni mpaka," nilisema.

"Mpaka ni kitu ya zamani, Cucu. Siku hizi tuko na maendeleo."

"Ukiutoa, nitajuaje kwangu kunaishia wapi?"

"Si wewe ni jirani yangu? Majirani wanataka mpaka wa nini?"

Alisema hivyo kwa upendo. Upendo huo nilikuwa naujua. Kila msimu wa kulima plau yake ilikuwa inasogea karibu kunisalimia, na kitu kilichokuwa kinairudisha nyuma ni mizizi ya mtarakwa ule.

Moffat aliinua kalamu. "Bwana Mwenyekiti, kukata mtarakwa ni makosa. Mtu wa misitu atakushika. Na kutoa alama ya mpaka ni makosa ingine."

"Nani amesema kukata? Umenisikia nikisema kukata?"

"Hapana, Bwana Mwenyekiti."

"Unahamishwa. Mwalimu akitolewa Naro Moru apelekwe Wang'uru, ati amekatwa?"

Moffat alikubali kwamba mwalimu hakatwi. Diwani mmoja, mkulima wa viazi, aliuliza kuhusu mizizi.

"Mizizi gani?" Mwenyekiti alisema. "Ua la mama yangu tulilitengeneza na nini? Tulikata mikungugu, tukachomeka kwa udongo hivi hivi kama rungu. Mvua ikanyesha, yote ikachipuka. Mpaka leo mbuzi hapiti."

"Hiyo ilikuwa mkungugu, Bwana Mwenyekiti. Hii ni mtarakwa. Mtarakwa ukichomeka ni posti."

"Mti ni mti. Ama wewe uko na chama chako kingine?"

Diwani akasema hapana, yeye hana chama kingine, na kwa kweli mti ni mti. Hivyo ndivyo sayansi ilivyopitishwa, bila mtu kupinga.

Niliona jambo lenyewe limekwisha kuamuliwa kabla chai haijachemka. Nikainua mkono. "Mimi naunga mkono," nilisema. "Shida ni midomo ya watu. Watasema umekatwa. Afadhali Bwana Mwenyekiti atangaze kwa mdomo wake, mji wote usikie, kwamba ni mti ule ule, na ni mzima."

Mwenyekiti alifurahi sana. Alisema hiyo ndiyo mara ya kwanza akina mama kuleta kitu cha maana kwenye kamati. Kwa furaha hiyo aliamuru siku ya tangazo nipewe nafasi ndani ya Land Rover, mbele, karibu na dirisha.

Uhamisho ulifanywa kwa msumeno wa mota. Sikwenda kutazama. Nilibaki jikoni nikimenya viazi. Ulipolala, sufuria zote zilitingishika ukutani, halafu jikoni kukaingia mwanga mahali ambapo sikuwahi kuuona mwanga tangu niolewe. Nikamaliza viazi. Kisha honi ya Land Rover ikalia nje, nikavua aproni nikaenda kazini.

Mbele ya ofisi walikuwa wamechimba shimo wakatia saruji. Mti ulisimamishwa kwa kamba na ng'ombe, na vijana wa baraza wakausukuma kuona kama umeshika, kama tunavyosukuma posti yoyote. Ulishika. Madaraka ilipofika, majani yalikuwa bado mabichi. Waziri alikaa chini yake akanywa chai, akasema katika hotuba yake kwamba hajawahi kuona mti ukikua haraka namna hiyo, na kwamba huo ndio ushahidi wa kile wananchi wanaweza kufanya wakiacha uvivu. Wajumbe wa miji jirani walioalikwa walirudi makwao wakiangalia vizuri nyua za mabibi.

Baada ya muda mfupi mti ulianza kuwa na rangi ya chai. Kamati ilikutana ikaamua kwamba huo ni uchovu wa safari. Majani yalipozidi kukauka, iliundwa Kamati Ndogo ya Kijani, ikapewa rangi iliyobaki walipopaka milango ya choo cha soko. Waliupaka upande wa barabarani tu, kwa sababu upande wa ofisi unajulikana. Mvua ikinyesha, rangi ilidondokea wanaosimama chini. Huko sokoni, ukiona mtu ana madoadoa ya kijani kwenye koti, unamwamkia kwa heshima, maana unajua ni diwani.

Na kwangu trakta ilikuja. Ililima ikapita mahali pa kisiki, kisiki chenyewe kikang'olewa kwa mnyororo. Ikaja mpaka kwenye kamba yangu ya nguo. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Gicheru, umeingia kwangu."

"Cucu, nionyeshe mpaka."

"Unaujua."

"Nionyeshe tu. Ukiuona, hata saa hii nitarudi nyuma."

Viazi vyake vilimea mpaka chini ya shuka zangu. Nilibakiwa na nyumba, choo, na kanjia ka kutoka kimoja kwenda kingine. Watoto wangu waliniambia niende nikae kwao Nyeri. Niliwaambia nangoja. Walipouliza nangoja nini, niliwaambia nangoja mtu asiyekunywa Peak Bar.

Alifika baada ya mavuno. Alikuwa D.O. mpya, mkuu wa tarafa yetu, Bwana Kullow, aliyeletwa kutoka huko juu kwenye jangwa. Hakunywa pombe, hakucheka ovyo, na alikuwa na koti la baridi alilolivaa mpaka adhuhuri. Kesi za mashamba alizisikiliza mwenyewe akiwa na wazee, na kwa kuwa baraza la mji lilikuwa limeamuru mikutano yote ya wananchi ifanywe chini ya Mti, na ya kwangu ilisikilizwa hapo.

"Mama, shida ni nini?"

"Nimepotelewa na mpaka, Bwana D.O."

"Mpaka ulikuwa nini?"

"Mtarakwa."

Mzee Theuri alisimama bila kuitwa. Alisema ni kweli, kutoka jiwe la mtoni mpaka mtarakwa, alimwaga yeye mwenyewe, na akanyosha mikono. D.O. alirudi nyuma kidogo.

"Bwana Gicheru, mzee anasema kweli?"

"Anasema kweli, Bwana D.O. Lakini huo mti hauko pale tena. Kwa hivyo mpaka hakuna."

"Ulikatwa?"

Mwenyekiti alifungua mdomo.

"Nauliza," D.O. alisema, "kwa sababu mtu akikata alama ya mpaka, mimi namlaza ndani leo. Halafu kesho mtu wa misitu anamchukua kwa ile kesi yake."

Mwenyekiti alifunga mdomo. Moffat alikuwa akisoma viatu vyake. Huko nyuma mtoto alilia akanyamazishwa.

"Haukukatwa," Mwenyekiti alisema.

"Ulienda wapi?"

"Ulihamishwa."

"Kwenda wapi?"

Mwenyekiti aliangalia juu. Usiku kulikuwa kumenyesha. Tone la kijani lilimwangukia kwenye kofia.

"Ndiyo huu."

"Ni ule ule?"

"Tulitangaziwa," Mzee Theuri alisema, na watu wote wakaitikia kwamba ni kweli walitangaziwa, tena kwa kipaza sauti. Sijawahi kuona wananchi wakiisaidia serikali kwa moyo namna hiyo.

"Na ni mzima?"

"Mzima kabisa, Bwana D.O. Waziri mwenyewe alikunywa chai hapa."

Bwana Kullow alisogea akaweka kidole kwenye shina. Akaangalia kidole. Akatoa kitambaa akakipangusa polepole, akakunja kitambaa, akakirudisha mfukoni.

"Kwetu," alisema, "miti ni michache. Mtu akikuambia tutaonana kwa mti, huulizi mti gani. Ng'ombe wanaujua, watoto wanaujua. Kwa hivyo hii mambo ya mpaka kuwa mti, mimi nayaelewa vizuri. Mpaka unatoka kwa jiwe unaenda kwa mtarakwa. Jiwe nalo limehamishwa?"

"Hapana," tulisema.

"Basi kazi ni ndogo. Mzee Theuri, tembea."

"Nitahitaji kondoo dume," Mzee Theuri alisema.

"Chukua kwa aliyehamisha."

Tulishuka wote mpaka mtoni. Kondoo wa Mwenyekiti alichinjwa kwenye jiwe, Mzee Theuri akalikumbatia tumbo, na tukapanda naye akimwaga, uso umeelekea rangi ya kijani kule juu. Mstari ulipita katikati ya shamba la viazi la Mwenyekiti. Ulipita kwenye zizi lake, ng'ombe wa maziwa wakabaki kwangu na ndama kwake. Ulifika mlango wa nyuma wa Peak Bar. Mzee Theuri hakusimama. Aliingia na tumbo lake, akapita mbele ya kaunta akimwaga, na waliokuwa ndani waliinua chupa zao wakazishika juu ya vichwa mpaka desturi ikapita. Akatokea mlango wa mbele, akavuka uwanja, akamalizia chini ya Mti, mbele ya ofisi.

Kaunta ilikuwa kwangu. Choo cha baa kilibaki kwa Mwenyekiti.

Hapo Mwenyekiti alivua kofia. "Bwana D.O., tusidanganyane. Huu mti umekufa. Hebu angalia. Hii ni rangi."

"Umekufa?"

"Umekufa kabisa."

"Lini?"

"Si ni siku ile ile ya..."

D.O. alingoja. Sisi pia tulingoja. "Siku ile uliufanyia nini?" aliuliza.

Mwenyekiti alirudisha kofia kichwani.

"Umepona," alisema.

Kesho yake asubuhi alikuja mke wake, Magdaline, anayeendesha baa. Alikuwa amevaa leso safi na ameshika chupa ya chai. "Cucu," alisema, "nimekuja kuuliza. Nifungue?"

"Fungua, mama. Lakini mambo ya pombe, mimi ni mtu wa kanisa. Uza chai na mandazi."

Akaenda akauza chai na mandazi. Nasikia biashara si mbaya. Madiwani hawaji, lakini madereva wa Nanyuki husimama, na mtu akitaka choo anaonyeshwa kwamba huko ni kwa Mwenyekiti na anatakiwa kubisha.

Mwenyekiti mwenyewe alikawia. Alifika jioni moja, akasimama nje ya mlango wangu kama mtu aliyeleta barua ya mwingine.

"Cucu, tuongee kama majirani."

"Majirani wanataka mpaka, Gicheru."

"Ndiyo hiyo nimekuja kusema. Turudishe ule wa zamani. Pale pale."

Sikukataa. Mimi si mtu wa tamaa, na ng'ombe wake wanakula sana. Nilienda nyuma ya nyumba nikaleta lile kopo la Kimbo. Mche ulikuwa umeongeza kidogo. Sasa ulikuwa kama kitunguu chenye afya. Tulienda naye mpaka mahali pa kisiki, nikamwonyesha achimbe. Akachimba. Nikamwambia kwamba huo ndio mpaka, na siku utakapotimiza masharti ya kumwekea Waziri kivuli cha kunywea chai, kila kitu kitarudi kama zamani, mbele ya D.O. na Mzee Theuri.

"Si ungekubali hivi ulivyo tu?"

"Kamati ilisema mche hauna uzoefu wa kazi."

Aliuinamia. "Unapenda nini?" aliuliza. Nilimwambia unapenda jua, unapenda kuachiwa nafasi, na mwanzo unapenda maji kidogo. Na ua, kwa sababu ya mbuzi.

Siku hizi ukipita barabara ya Nanyuki asubuhi utamwona Mwenyekiti wa baraza akipanda kutoka mtoni na ndoo. Posti za ua la mche alizing'oa kwa ua lake mwenyewe, maana mitarakwa mingine haipatikani. Humwagia polepole, anachutama, anaupima kwa kidole, halafu anakuja mlangoni kuniambia umeongezeka. Nami namwambia ni kweli, naona. Nampa uji. Amekuwa mtu mvumilivu, na hata mke wake anasema hivyo.

Juzi alikuja mbio, ndoo haijaisha maji. Mbuzi alikuwa amepenya usiku akala ncha yote, amebakisha kijiti. Mwenyekiti alikuwa karibu kulia.

"Cucu, ni mbuzi wa nani huyu?"

"Ni wangu," nilimwambia.

Nikaenda nyuma ya nyumba nikamletea kopo lingine.